Sahihi za Wasiokuwapo

Nisikilize taratibu, wewe uliyekaa hapo. Jambo nitakalokueleza si gumu, ingawa wanasheria hulivalisha koti zito, na mimi sikuwa mwanasheria; nilikuwa karani. Ukinifuata hatua kwa hatua utalielewa lote. Ukipotea mahali, rudi nyuma kidogo, hakuna aibu. Swali lenyewe ni hili: ahadi waliyopeana watu wengine inaweza kukufunga wewe ambaye hukuwapo?

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Baba yangu alikuwa amehamishiwa bandari ya Mtwara kutoka nyanda za juu, nami nikapata kazi ya kupiga chapa na kupanga majalada katika ofisi ya ushirika. Asubuhi moja aliingia mjane mmoja wa makamo, kaniki yake imekwisha rangi, akaweka mezani kwangu bahasha iliyofungwa kwa ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unajua kusoma. Nisomee hii karatasi, uniambie kama bado hai."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Alitoka kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, mahali mikoko inapoishia na majaruba ya chumvi, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, yanapoanza. Watu wote wa kijiji hicho walikuwa wamehamishwa miaka miwili nyuma, wakapelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Mahurunga, karibu na shule na bomba la maji. Walibeba milango, wakabeba nguzo, wakabeba kuku. Makaburi hayabebeki. Mama yule alikuwa amezika watoto wawili kule, wote kwa surua, katika juma moja.

Sasa kampuni ya chumvi ilikuwa inajenga tuta jipya. Vigingi vilikwisha kupigwa. Tuta likikamilika, maji ya bamvua, yale yanayopanda kuliko siku zote, yangekosa njia yao ya siku zote na kuingia makaburini, na bamvua kubwa lilikuwa siku kumi na sita mbele.

"Bahari ikishaingia mara moja," alisema, "hutajua tena mtoto yuko wapi na chumvi iko wapi."

Nikaisoma karatasi. Ulikuwa mkataba wa zamani kati ya chama cha ushirika cha kijiji kile na kampuni ya chumvi. Kampuni ilipewa uwanda wa kuchimba majaruba. Nayo iliahidi kuyaacha makaburi makavu, na kila mwaka, kabla ya kuifungulia bahari milango ya majaruba, kutuma mtu ayafagie "kwa namna ya wenyeji". Kisha kikaja kipengele cha sita, nami nikakipenda mara moja. Kilisema wakigombana wasiende mahakamani. Waende kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, yeyote atakayekuwapo, naye aamue ndani ya siku tatu, na neno lake liwe la mwisho.

Hicho ndicho kinachoitwa makubaliano ya usuluhishi. Ni ahadi ndani ya ahadi: tukikosana juu ya haya yote, tumeshakubaliana nani atatuamua. Watu huyaweka kwa sababu mahakama ni ya wote na foleni yake ni ya wote. Mama alikuwa ameshapita mahakamani, akaambiwa shauri lake lingeweza kuitwa baada ya miezi mitatu. Bahari haikuwa na habari hiyo. Kwa hiyo unaona mwenyewe: kipengele cha sita kikifanya kazi, watoto wanabaki pakavu. Kisipofanya kazi, kuna hakimu mzuri atakayesikiliza kesi ya makaburi yaliyo chini ya maji.

Niligeuza ukurasa nitazame sahihi.

Chama kile kilikuwa kimefutwa siku watu walipohamishwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga chapa barua ya kukifuta. Na kampuni iliyotia sahihi nayo haikuwapo tena. Ilikuwa imefungwa, na majaruba yakachukuliwa na kampuni nyingine ya ndugu wa mwenye mali yule yule. Malori yalikuwa yale yale, koleo zile zile, nyapara yule yule, ila kibao kilikuwa na jina jingine. Karatasi ilikuwa na sahihi mbili na mihuri miwili, na hakuna hata mmoja kati ya waliosaini aliyekuwa bado yupo duniani. Walikuwa wamepeana mkono, wakaondoka wote wawili, na mikono ikabaki imeshikana hewani.

Niliiandikia kampuni mpya. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la adabu sana: Sisi hatukutia sahihi mkataba huo. Nendeni mahakamani.

"Wana haki," alisema mkuu wangu wa kazi, mtu mpole aliyependa kunifundisha. "Usimfunge mtu kwa kamba ya jirani yake. Leo wewe ukipelekwa kwa mwamuzi usiyemchagua, kwa sababu shangazi yako alimchagua, utafurahi?"

"Lakini ni watu wale wale, mzee."

"Kuwa ndugu hakutoshi. Kampuni ni mtu peke yake, hata kama imezaliwa nyumba moja na nyingine." Akasafisha miwani. "Labda uonyeshe kwamba waliivaa ile ahadi kwa matendo. Mtu aliyekula pilau ya shughuli asituambie hakualikwa. Lakini mnionyeshe sahani."

Basi tukaenda kutafuta sahani.

Gari la ofisi lilinifikisha kijiji kipya, na kutoka pale mimi na mama tukaenda kwa miguu. Tulifika saa saba mchana, jua la utosi, na nataka uamini kwamba sijawahi kuogopa gizani kama nilivyoogopa kwenye mwanga ule. Kuta za udongo zilikuwa zimesimama bila paa, zimelegea mabegani kama watu waliochoka kungoja. Chini ya mikorosho mabibo yalikuwa yameanguka na kuchachuka, hakuna aliyeyaokota, na harufu yake tamu ilinifuata kila nilikopita. Mbele, kando ya majaruba, marundo ya chumvi yalikuwa yamefunikwa makuti, marefu, yamepangwa sambamba. Nilihesabu tisa kisha nikaacha kuhesabu. Hapakuwa na mtu. Ila kila tuliponyamaza nilisikia sauti ya kinu, mbali, pwaa, pwaa, kama mama fulani anatwanga mtama.

"Nani anatwanga?"

"Maji hayo, yanapiga mlango wa jaruba," alisema mama. Halafu, baada ya hatua chache: "Zamani niliishi hapa miaka yote sikuyasikia."

Makaburi yalikuwa kwenye kiinuko kidogo cha mchanga. Nilitarajia magugu. Badala yake nilikuta uwanja safi kama ua wa nyumba yenye bibi arusi. Mistari ya ufagio wa chelewa ilikuwa mibichi, imepinda vizuri kuzunguka kila kaburi, kila jiwe, kila kisahani cha kauri kilichopachikwa. Hapakuwa na jani. Na hapakuwa na unyayo. Nilizunguka kiinuko chote nikitafuta mahali mfagiaji alipoingilia au alipotokea. Mchanga ulikuwa kimya.

"Mama, nani amefagia?"

Alikuwa amechutama katikati ya vichuguu viwili vidogo. "Wenyewe," alisema. "Tuliwaacha. Ungefanya nini wewe, ukiachwa peke yako na nyumba?"

Nilitaka kuondoka, nilitaka sana, lakini karani ndani yangu alikuwa ameamka. Mkataba ulisema mtu atumwe kufagia. Nilimwomba mama tulale kijijini kwake na turudi asubuhi.

Tuliporudi jua lilikuwa limekwisha kupanda na ukungu wa chumvi ulikuwa bado umelala juu ya majaruba. Mama alinishika mkono. Kutoka kwenye ukungu ule kitu kilikuwa kinatujia. Kilikuwa cheupe kuanzia nywele hadi visigino, na kilikuwa kinatujia kwa mgongo. Hatua nyuma, ufagio, hatua nyuma, ufagio, polepole, kikijifutia nyayo zake chenyewe. Nilisikia chelewa zikikwaruza mchanga. Nilianza kusoma Baba Yetu na nikasahau inavyoendelea.

Mama ndiye aliyepiga hodi.

Kile kitu kikaruka juu, kikatupa ufagio, kikageuka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amepakaa chumvi mwili mzima kama wafanyakazi wote wa majaruba, macho yamemtoka.

"Lahaula! Mama, unataka kuniua?"

"Wewe ndiye umetuua sisi! Unatembeaje kinyumenyume kama kaa?"

"Si ndivyo mlivyotufundisha wenyewe? Ukifagia wafu usiwaachie unyayo wako, watakufuata nyumbani." Akaokota ufagio, akautikisa. "Jana nilimaliza pote, leo nimekuta nyayo za watu, nafagia upya. Nyapara amesema Jumatatu tunafungulia maji."

"Nyapara wa kampuni hii mpya?" niliuliza.

"Kwani kuna nyingine?"

"Na nani alimwambia awatume?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini watu hunawa kabla ya kula. "Ni kazi ya pale, dada. Imo katika karatasi yao ya zamani, anasema. Na kama haimo, mimi simo katika hayo."

Nikakaa chini mchangani. Ile ndiyo ilikuwa sahani, na pilau bado ya moto juu yake.

Lakini mtu yule alituomba tusimtaje, maana kibarua chake kilikuwa cha siku kwa siku, na mama akamwapia. Kwa hiyo tulijua jambo ambalo hatukuweza kulisema.

Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji kipya alikuwa kijana kutoka mkoa wa mbali kama mimi, mwenye miezi mitano pale, na aliposoma kipengele cha sita alikuna kichwa. "Nimeoa kesi bila kutoa posa," alisema. Hata hivyo alifanya jambo la busara, nalo ulikumbuke: aliwaandikia kampuni kwamba yeye hawaiti ili wahukumiwe. Anawaita aamue kwanza kama yeye anayo ruhusa ya kuwaamua. Mwamuzi anaweza kujiuliza hilo mwenyewe. Akishajiuliza, asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani baadaye, lakini mlango unakuwa umefunguliwa.

Ilikuwa likizo. Tulikaa darasa la tatu, kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Zilikuwa zimebaki siku saba. Nyapara aliingia na kofia yake ya kufuma, mtu mzito, msafi, mwenye sauti ya kuadhini.

"Mwalimu, mimi nimekuja kusema kwamba sisi hatujaja."

"Karibu," alisema mwalimu. "Kaa hapo usipokuja."

Hata mama alitabasamu. Nyapara akasimama alivyosimama, dawati lisingemtosha. Akaeleza vizuri, na lazima nikuambie kwamba hoja yake ilikuwa nzuri: kampuni yao ni mpya, sahihi si yao, muhuri si wao. Walichonunua ni koleo na majaruba. Ugomvi wa zamani hawakuununua.

Mama aliomba kusema. "Baba, kwetu mpwa akivikwa jina la mjomba wake aliyekufa, anavikwa na maneno yake. Hawezi kulala kwenye kitanda cha mjomba akasema mke simjui, shamba silijui, deni la jando silijui."

"Hayo ya ukoo, mama. Kampuni haina mjomba."

"Haina mjomba, lakini ina nyumba yake."

Mwalimu akawa anachezea chaki. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu: "Nilipita makaburini juzi. Pasafi sana. Watu wa kijiji hiki ndio wanakwenda kufagia?"

Nyapara alikuwa mtu mcha Mungu, na kwa mtu wa namna ile kuna jambo moja ambalo hawezi kulikubali, nalo ni mwingine kupewa thawabu yake.

"Watu wa kijiji hiki?" Sauti ilijaza darasa. "Hawa waliokimbilia bomba? Sisi tunafagia! Tangu siku ya kwanza ya kampuni hii hatujaacha hata mwaka mmoja. Namtuma mtu wangu, kinyumenyume, kwa namna ya wenyeji, kama ilivyo..."

Nje kanga alilia mara moja. Nadhani sote tulisikia neno lililobaki kinywani mwake.

"Kama ilivyo wapi?" mwalimu aliuliza kwa upole.

Nyapara akakaa. Dawati likalia. "Kama ilivyoandikwa," alisema.

Basi mwalimu alieleza, nami nakurudishia alivyoeleza. Kampuni haifungwi kwa kuwa ndugu wa kampuni iliyokufa. Haifungwi kwa kutumia koleo zake. Inafungwa kwa kuwa iliingia mahali pa yule aliyeahidi, ikakalia uwanda uliotolewa kwa mkataba ule, ikautimiza mkataba ule kwa mkono wake mwaka hadi mwaka kwa sababu uliifaa. Huwezi kuchukua mwili wa ahadi ukakataa kichwa. Kipengele cha sita ni sehemu ya mwili ule. "Kwa hiyo ninayo ruhusa," alisema, "na tuta lazima likatwe mlango mahali maji yanapopita."

Nilimgeukia mama nimkumbatie. Nyapara alikuwa ameinua kidole, taratibu, kama mwanafunzi.

"Nakubali, mwalimu. Wallahi nakubali. Lakini mama huyu naye hakusaini. Chama chake kimekufa kama kampuni yetu ya kwanza. Naye anadai kwa karatasi hii. Basi isomeni yote. Soma cha saba."

Nataka nikuambie ukweli. Nilikuwa nimekiona kipengele cha saba. Kilikuwa chini, wino umepauka, na mimi nilikuwa nimefurahia cha sita kiasi kwamba nilikipita kama mtu anavyopita jirani anayemdai salamu. Nilipewa mimi nikisome kwa sauti. Kilisema kwamba kwa kuwa uwanda umetolewa kwa kazi, wenyeji hawatazika tena maiti mwingine kwenye kiinuko kile.

Mama akaniuliza mimi, si mwalimu: "Mwanangu, hiyo inanishika na mimi?"

"Ndiyo, mama," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimetumia siku tisa kujenga hoja hiyo hiyo. "Kwa njia ile ile iliyowashika wao."

"Kuna nafasi katikati yao," alisema. "Nimeiacha. Ni yangu."

Nyapara aliangalia sakafu. Sidhani alijua, alikuwa anatetea usawa tu, na usawa ulikuwa upande wake. Mwalimu aliweka chaki mezani akasema kwamba kama mama anataka, anaweza kuiacha karatasi sasa hivi. Asipoishika, haimshiki, lakini basi haiwashiki na wao, na tuta litabaki. Alimpa muda mpaka adhana ya adhuhuri.

Mama hakuungoja. "Likatwe," alisema. "Mimi ni mkubwa. Naweza kulala popote."

Walilikata siku ya nne. Nilikuwapo bamvua lilipokuja, alasiri ya saa kumi, maji ya kijivu yakipanda bila sauti kati ya mikoko, yakizunguka kiinuko pande zote mbili kama yanatafuta mlango. Yalisimama chini ya kaburi la mwisho kwa upana wa kiganja. Mama alikuwa amesimama juu, kanga kichwani, anayaangalia kama unavyomwangalia mgeni anayechelewa kuaga. Kisha yakarudi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazikwa kijiji kipya, karibu na bomba. Mwaka uliofuata mazishi yake nilikutana na yule mfagiaji sokoni Mtwara, amezeeka, bado ana weupe kwenye mikunjo ya shingo. Aliniambia kwamba siku hizi anapofika kiinukoni huanza upande wa bahari, maana katikati ya vichuguu vile viwili hukuta pamekwisha kufagiwa. Nilimuuliza kama kuna nyayo. Alinijibu kwamba mimi ni mtu mzima na nisiulize maswali ya kitoto. Sikwenda kuangalia.

Kazi yangu baadaye ilinileta mbele ya mikataba mingi, na watu wengi wamenijia wakitaka kumfunga fulani kwa karatasi ambayo hakuitia sahihi. Mara nyingine inawezekana. Sasa unajua kwa njia gani. Lakini kila mara nakumbuka ni nani aliyeniuliza kama inamshika na yeye, na nilivyokuwa sijajiandaa kumjibu. Kwa hiyo, ukija kupewa karatasi ya namna hiyo, kabla hujaandika barua ya kwanza, kaa na yule unayemtetea, umsomee kwa sauti kuanzia mstari wa juu hadi wa mwisho, na kila kipengele kikiisha, simama umuulize kama na yeye yuko tayari kufungwa nacho.